Daftari la Ngozi: Tiba Asilia na Lugha ya Kumbukumbu katika Shanzu

Msafiri anayevuka daraja la Nyali na kuifuata barabara ya Malindi huipita Bamburi, kisha hufika Shanzu kabla ya kuukuta mkono wa bahari wa Mtwapa. Hapo mahoteli ya ufuoni na mitaa ya wenyeji vimekaribiana mno, na kazi ya kutunza ngozi hufanyika pande zote mbili. Hotelini mna vyumba vya kukandia. Ufuoni wapo wakandaji na wachoraji hina. Mitaani zipo saluni, na wapo makungwi wanaowasinga maharusi kwa liwa na singo. Dawa zao aghalabu ni zile zile: manjano, mwarobaini, mshubiri, asali, karafuu, ndimu na mafuta ya nazi. Wanapotofautiana sana ni katika kumbukumbu: nani anaandika alichompaka nani, lini, na kilichotokea baadaye.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Dawa ya dukani huja na karatasi inayotaja kilichomo, kiasi cha kutumia na tahadhari zake. Jani la mwarobaini haliji na karatasi. Nguvu ya maji yake hutegemea wingi wa majani, ukomavu wake na muda yaliotokota jikoni. Mteja akipona, si rahisi kutambua kilichomponya. Akidhurika, si rahisi kutambua kilichomdhuru. Daftari ndilo linaloweza kushika nafasi ya karatasi hiyo. Kungwi wa zamani, kwa hakika, hakulihitaji sana. Aliowahudumia walikuwa watoto wa mtaa wake. Aliwajua mama zao na nyanya zao, na madhara yakizuka, kilio kilimfikia siku hiyo hiyo. Mteja wa Shanzu wa leo huenda amekuja kwa siku saba tu, kisha amepanda ndege.

Piko yatosha kuwa mfano. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, nayo huhitaji saa kadhaa ili ikolee. Rangi inayokuwa nyeusi tititi kwa muda mfupi kwa kawaida imetiwa unga wa kupaka nywele, ambao una kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Mwili wa mtu ukishaikataa kemikali hiyo, huendelea kuikataa maisha yote. Hata rangi ya nywele atakayoipaka miaka kumi baadaye yaweza kumvimbisha uso. Kwa anayeipaka mara ya kwanza, malengelenge yanaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Wakati huo mgeni yuko kwao, na mchoraji aliyebaki ufuoni anaamini kwamba piko yake haijamdhuru mtu. Si mwongo, hana habari tu. Daftari lenye safu ya kumwuliza mteja hali yake baada ya siku kumi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, lingempa habari hiyo.

Ndimu nayo ina hadithi yake. Watu wengi huiamini kwa kufuta madoa, na wengine huichanganya na sukari ili kuikwangulia ngozi. Ila maji ya ndimu yana viambato ambavyo, vikipigwa na jua juu ya ngozi, huichoma. Wekundu na malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, kisha hubaki weusi unaoweza kudumu kwa wiki au miezi. Mteja aliyekuja kufutwa doa hurudi na doa kubwa zaidi. Asiyeandika hulaumu ngozi ya mteja, au hijabu yake, au chumvi ya bahari. Aliyeandika “ndimu, mabega, saa nne asubuhi, kisha akaenda kuogelea” anaweza kuunganisha mambo. Hata mafuta ya nazi, yanayosifiwa na kila mtu, huilainisha ngozi kavu lakini huweza kuziba vinyweleo vya mwenye chunusi. Neno “asilia” hutaja asili ya dawa. Halitaji usalama wake.

Lakini kuandika ni kuandika kwa maneno, na hapa ndipo suala hili linapowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Likiandikwa daftarini “ana upele”, msomaji wa pili ataelewa nini? Upele waweza kuwa kijipu kidogo cha joto. Upele pia ni ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozini, huwasha zaidi usiku, huonekana sana katikati ya vidole, na huenea kwa kugusana na kwa kushirikiana matandiko. Mteja wa kwanza anaweza kupakwa mshubiri akaenda zake. Wa pili hapaswi kusingwa kabisa: apelekwe zahanati, watu wa nyumbani kwake watibiwe pamoja naye, na taulo alilolalia lifuliwe kwa maji ya moto. Neno ni moja, hatua ni mbili zilizo mbali kabisa.

Mabaka ya mviringo yaletwayo na kuvu nayo ni choa kwa mmoja, bato kwa mwingine, na mashilingi kwa vijana wengi wa Kenya, kwa kufanana na sarafu. Yakiwa kichwani mwa mtoto, huitwa punye. Wahudumu watatu wa saluni moja wakiandika kila mmoja kwa neno lake, mtu anayetafuta kama mwarobaini uliwafaa wagonjwa wa choa atapata theluthi ya habari. Si lazima maneno mengine yafutwe. Yatosha watu wa kazi moja kukubaliana neno la kuandikia, huku wakiendelea kusema kila mtu kwa lahaja yake.

Isidhaniwe kwamba msamiati wa wenyeji ni mkorogo mtupu. Neno mba hutumika kwa magamba ya kichwani na pia kwa madoa mepesi ya kifuani na mgongoni. Mtu angeweza kudai kwamba huko ni kuchanganya magonjwa mawili. Elimu ya tiba imeonyesha kwamba yote mawili yanahusiana na kuvu wa jamii moja, Malassezia. Waliolipa jina hilo hawakuwa na hadubini.

Safu moja ya daftari huhitaji upole zaidi, nayo ni ya vitu anavyojipaka mteja nyumbani. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, ila krimu za kujichubua hazijatoweka, na mwenye kuzitumia huona haya kusema. Ngozi iliyokwisha kuchubuliwa haivumilii kukwanguliwa. Siri kama hizo zina ulinzi wa kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, hivyo daftari halifai kuachwa wazi juu ya meza ya mapokezi.

Kisha kuna swali la mzio, ambalo fomu nyingi hulitafsiri tu kutoka Kiingereza: “Je, una mzio wowote?” Kamusi za leo hulipa neno hili maana ya mwili kukataa kitu. Kwa wazee wa Pwani, mzio ni chakula ambacho mtu hujizuia kula kwa sababu humdhuru au amekatazwa. Bibi aliyevimba mikono kwa piko mwaka jana atajibu kwa moyo mweupe kwamba hana mzio, maana samaki anakula na maziwa anakunywa. Mhudumu anayeijua lugha ya mteja wake atauliza hivi: “Mama, kuna kitu uliwahi kujipaka kikakuwasha au kukuvimbisha?” Kisha ataandika jibu kwa maneno ya mama huyo, kabla ya kufungua kopo lolote.