Adapta ya Simu ya Mezani: Somo Nililolipia Fildi, Kati ya Kasulu na Kibondo

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tukienda fildi tunarudi na vitu viwili: ripoti yenye muhuri na picha za kuweka stetasi. Mimi nilirudi na cha tatu, kosa. Ndilo nataka kuwaeleza hapa, pamoja na namna ya kufunga kifaa chenyewe, ili atakayefuata asilirudie.

Nilipangiwa taasisi moja, jina tuliache, yenye ofisi Kasulu na stoo ya dawa Kibondo. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 100 za vilima vya Buha, siyo mahali pa kusema "ngoja nipite mara moja". Ndani ya stoo ya Kibondo kulikuwa na friji la insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Usiku anabaki mlinzi peke yake. Kazi yake, ukiacha kulinda mlango, ni kutazama kipimajoto cha friji na kupiga simu Kasulu kukiwa na tatizo. Afisa wa zamu wa Kasulu ndiye mwenye orodha ya nani aamshwe kule Kibondo: mfamasia, au mwenye ufunguo wa jenereta.

Shida ilikuwa hiyo simu ya kupiga. Walinzi wanabadilishana, namba zinabadilika. Leo huyu hana vocha, kesho yule simu imeisha chaji. Namba iliyobandikwa ukutani Kasulu ilikuwa ya mlinzi aliyeacha kazi zamani akaenda kulima maharage. Simu ya mkononi ni ya mtu, na mtu akiondoka anaondoka nayo. Walichohitaji ni simu ya mahali.

Msimamizi wangu akaniambia, "Kabatini kuna simu mbili za mezani, nzima kabisa. Huwezi kuzifanya ziongee kwa intaneti?"

Nikajibu kwa mbwembwe za mwaka wa tatu: "Inawezekana, bosi."

Adapta inafanya nini

Simu ya mezani ya zamani haijui intaneti ni nini. Inachojua ni waya mbili za shaba: umeme kidogo unaopita humo, sauti inayoutikisa, na kengele inayolia volti zikipanda. Adapta inakaa katikati. Upande mmoja ina tundu dogo la plagi ya simu, RJ11, na hapo inajifanya kuwa ni laini ya simu. Upande wa pili ina tundu la waya wa mtandao, na hapo inaongea lugha ya kompyuta.

Ukizungumza, adapta inapima sauti yako mara 8,000 kwa sekunde, inageuza vipimo kuwa namba, inazifunga kwenye vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, kwa kawaida 50 kila sekunde, kisha inavituma. Adapta ya upande wa pili inavifungua na kurudisha sauti. Kazi ya kuita, yaani "namba 201 inamtafuta 101, lia kengele", inafanywa na utaratibu uitwao SIP, ambao kanuni zake zinazotumika hadi leo zilichapishwa mwaka 2002.

Lazima pia awepo mtu wa katikati anayejua 101 yuko wapi. Sisi tulitumia kompyuta ndogo pale Kasulu yenye programu ya Asterisk, ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 na ni ya bure. Nikaipa simu ya Kasulu namba 101, ya Kibondo 201. Basi.

Kufunga, hatua kwa hatua

Kwanza, kagua waya. Hapa naomba uwe makini kweli. Kama ukutani kuna tundu la laini ya simu iliyo hai, usichomeke humo tundu la simu la adapta. Laini ya kituo cha simu inakuja na umeme wake wa takriban volti 48, na kengele ikilia zinaongezeka zaidi. Adapta nayo inatoa umeme wake. Ukizikutanisha unaweza kuiunguza. Simu ichomekwe moja kwa moja kwenye adapta, basi.

Pili, chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, kisha umeme. Subiri kama dakika moja. Adapta itapewa anwani ya IP na ruta yenyewe.

Tatu, uliza anwani hiyo ni ipi. Kwenye Grandstream HT801 niliyotumia, unainua mkono wa simu, unabonyeza nyota mara tatu, halafu 02. Sauti inakusomea anwani. Mlinzi mmoja aliposikia simu inaongea peke yake alicheka hadi akakaa chini.

Nne, fungua kompyuta iliyo kwenye mtandao huohuo, andika anwani ile kwenye kivinjari, ukurasa wa adapta utafunguka. Kabla ya yote badilisha nywila iliyokuja nayo. Kisha jaza mambo manne: anwani ya seva, namba ya simu yako, jina la uthibitisho, na nywila ya namba hiyo. Hifadhi, zima, washa.

Tano, angalia ukurasa wa hali kama namba "imesajiliwa". Usidanganywe na mlio wa laini unaposikiliza mkono wa simu. Mlio ule unatengenezwa na adapta yenyewe. Kwetu ulisikika vizuri tu hata wakati seva ya Kasulu ilikuwa imezimwa. Simu inaweza kukuimbia sikioni huku haijaunganishwa na mtu yeyote.

Matatizo matatu ya wiki ya kwanza

La kwanza: nabonyeza 101, haiendi popote. Nusu siku nzima nalaumu seva. Kumbe chini ya simu kuna kiswichi kidogo chenye herufi P na T. Kilikuwa P, kwa hiyo simu ilituma namba kwa kukatakata umeme, kama zile simu za kuzungusha kidole. Baadhi ya adapta zinaelewa mtindo huo, nyingine mpaka uziambie. Nikasogeza kwenye T, ikaita.

La pili: simu inaita, inapokelewa, lakini Kibondo wanamsikia Kasulu, Kasulu hawasikii kitu. Hili ni maarufu, na sababu yake ni hii. SIP hubeba habari za kuita, lakini sauti husafiri kwa njia nyingine. Adapta iliyo nyuma ya ruta huandika ndani ya barua yake anwani ya nyumbani, ambayo nje ya nyumba haina maana. Mwenzake anaijibu kwenye anwani hiyo na majibu yanapotea. Tiba tuliyotumia ni VPN kati ya ruta mbili, ili Kasulu na Kibondo zionekane kama ziko ndani ya uzio mmoja. VPN ikaleta faida nyingine: seva yetu haikuwa wazi kwa dunia. Seva ya simu ikiachwa wazi na nywila rahisi, kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana kuitafuta ili zipige simu za nje kwa gharama yako.

La tatu: sauti kukatikakatika. Ofisi ya Kibondo ilitumia ruta ya laini ya simu, mtandao ukiwa mzito pakiti zinachelewa. Tukabadilisha kodeki, yaani namna ya kubana sauti. G.711 haibani chochote cha maana: ukijumlisha bahasha za pakiti inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, sawa na MB 1.3 hivi kwa dakika ya maongezi. G.729 inakula kama kilobiti 31, yaani chini ya nusu MB kwa dakika. VPN inaongeza kidogo juu yake. Hata hivyo GB 1 inatosha maongezi ya saa nyingi sana. Wewe unayemaliza GB 1 kwa video fupi kabla ya chakula cha mchana, hesabu mwenyewe.

Kufikia Ijumaa, 201 ilikuwa inaita 101 safi. Nikamwita mlinzi wa zamu, mzee wa makamo.

"Shikamoo mzee. Hii sasa haihitaji vocha. Usiku wowote, inua, bonyeza 101."

"Marahaba injinia. Usiku wowote?"

"Usiku wowote."

Hayo maneno mawili ndiyo kosa langu.

Usiku wenyewe

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika Kibondo saa nne usiku. Mzee akatazama kipimajoto cha friji, akangoja kidogo, akaona kinapanda. Akafanya kama nilivyomfundisha: akainua mkono wa simu. Kimya. Hakuna hata mlio. Akabonyeza 101, akarudia, akarudia tena. Simu yake ya mkononi haikuwa na salio, kwa sababu injinia alishamwambia vocha haihitajiki. Hakuweza kuacha lango. Akakaa na tochi yake mpaka alfajiri mwenzake alipokuja.

Asubuhi kipimajoto kilikuwa kimevuka 8 kwa mbali. Mfamasia akatoa boksi zote, akazitenga, na sehemu kubwa haikurudi tena kwenye friji. Hakuna aliyenifokea. Mzee ndiye aliyeniuma zaidi, aliponiambia kwa upole, "Mwanangu, ile simu inalala na umeme."

Jumapili nikamtembelea mzee mwingine pale Kasulu, fundi wa simu aliyestaafu, aliyeanza kazi enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla shughuli za simu hazijahamia TTCL mwaka 1994. Nikamweleza. Akaniuliza swali moja: "Simu ya zamani uliwahi kuiona na waya wa umeme?"

Sikuwahi. Simu ya kawaida ya waya ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, kupitia waya zilezile za shaba. Kituoni kulikuwa na chumba cha betri kinacholisha volti 48 kwa kila laini, na jenereta nyuma yake. Nyumba ikiwa gizani, simu inaongea. Watu wa umri wa yule mlinzi wanajua hivyo, ndiyo maana akaiamini. Mimi nikachukua simu ileile, umbo lilelile, nikaing'oa kwenye betri ya kituo na kuitundika kwenye soketi ya ukutani, bila kumwambia mtu kwamba nimebadilisha ahadi yake.

Hesabu ambayo ningeifanya mwanzo

Adapta yetu ilikuwa ya volti 5, ampea 1: wati 5 ikizidi sana. Ruta, volti 12, ampea 1: wati 12. Jumla 17. Usiku wa saa 12 unahitaji 17 mara 12, yaani wati-saa 204. Betri ya risasi ukiimaliza kila mara inakufa mapema, hivyo tumia nusu yake tu: unahitaji kama 408. Betri ya volti 12, ampea-saa 35, inabeba 420. Inatosha. Ongeza chaja yake, na kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5 kwa ajili ya adapta. Betri ndogo ya ampea-saa 7 ambayo fundi wa mtaani atakushawishi uinunue ina wati-saa 84 tu, nusu yake haifiki saa 3 kwa mzigo huo.

Halafu usiishie Kibondo. Seva na ruta ya Kasulu nazo zinahitaji betri, maana umeme ukikatika huko simu ya Kibondo inabaki inaita hewa. Na mnara wa mtandao nao una betri zake ambazo si zako. Kwa hiyo bado mlinzi anahitaji simu ya mkononi yenye chaji na salio kidogo la akiba, na namba ya mwenye jenereta ibandikwe ukutani. Tulivifanya vyote viwili. Pia tuliandika kikaratasi juu ya simu: "Hii inapiga 101 tu. Dharura ya polisi, 112, tumia simu ya mkononi."

Neno la sheria kabla hujachangamka. Kuunganisha ofisi zako mbili kwa ndani ni jambo moja. Kuuza dakika kwa watu, au kupokea simu za nje ya nchi na kuzipenyeza kwenye mitandao ya hapa, ni jambo jingine kabisa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ukitaka kutoka nje ya uzio wako, anzia TCRA, na adapta yenyewe iwe ya aina iliyoidhinishwa nao.

Wiki yangu ya mwisho nilirudi Kibondo na betri. Safari hii sikumwambia mzee kitu. Nilimwomba yeye mwenyewe azime swichi kubwa ya jengo, tukakaa gizani, akainua simu, akabonyeza 101, Kasulu wakaitika. Akarudisha mkono wa simu taratibu, akasema, "Sawa. Lakini leo usiku nitaijaribu tena wewe ukiwa haupo."

Na kweli akaijaribu. Saa tisa usiku afisa wa zamu wa Kasulu aliamshwa na kengele, na asubuhi alikuwa ananitafuta mimi.