Ukoma Si Urithi wa Ukoo

Kila Dominika ya mwisho ya Januari huadhimishwa Siku ya Ukoma Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1954 na mlei Mfaransa, Raoul Follereau. Na sisi mapadre hatukosi kuulizwa, kwa sauti ya chini: je, yafaa kuoa katika nyumba iliyopata kuwa na mgonjwa wa ukoma? Waulizao huamini kwamba ugonjwa huu hupita katika damu.

Hata madaktari wengi wa Ulaya waliamini hivyo, hadi Gerhard Armauer Hansen wa Norwei alipomtambua bakteria wa ukoma mwaka 1873. Ni kiumbe dhaifu ajabu. Jeni zake zilipochunguzwa zote na kutangazwa mwaka 2001, zilionekana takribani 1,600 zinazofanya kazi, na nyingine zaidi ya 1,100 zilizokwisha kuharibika. Kwa kupoteza nyenzo nyingi kiasi hicho, hawezi kuoteshwa katika vyombo vya maabara. Huishi ndani ya seli za viumbe wengine, na huchukua kama wiki mbili kujigawa mara moja, ilhali wapo bakteria wa tumboni wanaojigawa kwa dakika 20.

Mwendo huo wa polepole ndio ulioleta dhana ya urithi. Dalili huweza kukawia miaka 5, pengine 20. Mtoto aliyeambukizwa kwa hewa akiishi na baba asiyetibiwa huonyesha baka akiwa mtu mzima, baba akiwa kaburini, na majirani husema ni ya ukoo. Kweli, zipo jeni za binadamu zinazoongeza au kupunguza kinga dhidi ya ukoma. Lakini kinachorithiwa hapo ni kiasi cha kinga, si ugonjwa. Na watu wengi mno, yapata 95 kwa 100, wana kinga ya asili ya kutosha.

Wala bakteria hali vidole, kama wengi wanavyodhani. Hupenda sehemu zenye ubaridi, yaani ngozi na mishipa ya fahamu iliyo karibu nayo. Mkono ukifa ganzi, huungua kwa sufuria ya moto pasipo mwenyewe kujua. Dawa mseto hutolewa bure, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuanza kuzitumia.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Kanisa haiutaji ukoma miongoni mwa vizuizi. Tunachowaomba wachumba ni hiki: waliokaa nyumba moja na mgonjwa waende kituo cha afya, wakaguliwe ngozi, hususan mabaka yaliyopauka yasiyohisi mguso.