Deni la Mkoko

Atazamaye dari ya nyumba ya kale ya mawe, Lamu au Unguja, ataona boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliompa fundi kipimo. Magome yalitengenezea ngozi. Mlilana ulitoa mataruma ya majahazi. Boriti zilisafirishwa hadi Ghuba, kwenye uhaba wa miti, hata Kenya ikakataza kuziuza nje mwaka 1982.

Lakini mkoko mkubwa ukikatwa, kisiki hakichipui. Mrithi wake ni mche uotao ungali mtini, kisha ukaangukia topeni. Basi enyi vijana, maji yakipwa, uokoteni mche huo mkauchomeke. Tumefunzwa kuwa kupanda mti ni sadaka. Nasi tuliolelewa chini ya boriti hizo tuna deni.