Kolwezi: Shaba inafika baharini, wanafunzi wanaishia Nzilo

Toka Kolwezi, reli inaelekea Dilolo, inavuka mpaka na kupita Angola hadi bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Njia hiyo ilifunguliwa kwa shaba ya Katanga mwaka 1931. Watoto wa wachimbaji, wengi wao, bahari wanaiona katika simu tu.

Huko Muizenberg, karibu na Cape Town, shirika la Waves for Change linafundisha watoto wa mitaa maskini kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ili kuwatuliza kisha mateso waliyopitia. Prefe wa shule ya Kolwezi afanye nini? Pwani ya Congo, kule Muanda na Banana, ni kama kilomita 40 tu, na iko mwisho mwingine wa nchi. Tiketi za ndege kwa darasa moja zingemeza minervali ya mwaka.

Basi wanafunzi huenda Nzilo. Ziwa hilo halikuumbwa na Mungu: lilizaliwa miaka ya 1950 mto Lualaba ulipofungwa kwa barrage ya Delcommune, ili migodi ipate umeme. Leo wavuvi wanatega nyavu pale, na siku za vakansi familia zinakuja kula samaki na kupanda mitumbwi.

Hapo ndipo hofu ya wazazi inaanzia. Maji ya ziwa yanaonekana yametulia, lakini chini yake ni bonde la mto wa zamani. Hatua chache tu na mtoto hagusi tena mchanga. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300.000 walikufa maji duniani. Pia si kila maji ya kuogea: baadhi ya mito ya hapa, ukiwemo Luilu, imekutwa na uchafu wa migodi.

Kujifunza kuogelea hakuhitaji bahari wala pesa nyingi. Nungwi, kaskazini mwa Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wakishikilia bidoni tupu za manjano, zile zile ambazo kila nyumba ya Kolwezi inachotea maji. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua kuogelea, kamba ndefu, sehemu ambapo maji hayapiti kifua cha mtoto, na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kuhesabu vichwa, si kupiga picha.