Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi kwa Siki na Taa: Nini Hukumu Yake?



SWALI: Sisi ni watu wa Unguja tunaoishi Kalenga, mkoani Iringa. Mke wangu ana miaka 38. Kliniki wamemshauri apimwe mlango wa kizazi kwa siki na taa. Haumwi chochote. Nimemzuia, kwa kuwa anayepima huenda akawa mwanamme. Je, nimekosea?

JAWABU: Ndugu yetu, wivu wako kwa ahli yako ni jambo jema. Lakini kabla ya kutoa hukumu tuujue uchunguzi wenyewe.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine. Husababishwa na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka mingi kukua bila maumivu. Kwa hivyo kutoumwa si dalili ya usalama.

Mpimaji hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki isiyo kali, ya asilimia 3 hadi 5, akasubiri kama dakika moja, kisha akatazama kwa mwanga mkali. Sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Weupe huo si lazima uwe saratani. Mara nyingi ni mabadiliko ya awali, ambayo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Msingi huu wa kuuonesha ugonjwa kwa mwanga hutumika hata katika upasuaji wa ubongo: mgonjwa hunyweshwa dawa, na uvimbe ukang'ara chini ya mwanga wa buluu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2017.

Ama hukumu, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na Allah ametukataza kujitia katika maangamizo (Al-Baqara: 195). Kutazama uchi asili yake ni haramu, lakini haja ya tiba huruhusu kwa kadiri ya haja tu. Wanazuoni wamepanga hivi: atangulie daktari mwanamke Muislamu, kisha mwanamke asiye Muislamu, kisha mwanamme Muislamu, kisha mwanamme asiye Muislamu. Akipima mwanamme, pasiwe na faragha: awepo mume, maharimu au mwanamke muaminifu.

Kuhusu funga, katika madhehebu yetu ya Shafi kuingiza kifaa ukeni hubatilisha saumu, ingawa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah mwaka 1997 iliona haibatilishi. Lililo salama ni kupima nje ya Ramadhani, na asiwe katika hedhi.

Basi usimzuie. Ulizeni kliniki siku ya zamu ya muuguzi mwanamke, na mfuatane. Akikosekana kabisa, asiache kupimwa kwa sababu hiyo, kwani ugonjwa ukigunduliwa mapema hutibika.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.