Punda wa Dodoma wana mizigo, abiria hawana

Mkokoteni wa punda unaoingia mjini Dodoma siku hizi umebeba madumu ya maji, mkaa, mchanga wa ujenzi au magunia ya mtama. Mtu pekee aliye juu yake ni mwendeshaji, na njia ikipanda naye hushuka akatembea kando ili wanyama wapumue. Kazi ya kubeba watu imeshachukuliwa na bajaji na bodaboda, na sioni ikirudi.

Ipo hata hivyo biashara nyingine ya kubeba watu ambayo haishindani na bajaji hata kidogo: kumzungusha mgeni polepole, kwa gari la mnyama, ndani ya makazi ya zamani ya watu wa dini. Kwa mandhari yake Kikuyu, hapa mjini Dodoma, ingefaa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007, kimekaa palepale ilipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo kabla ya kupewa jina la mtemi maarufu wa Wagogo iliitwa Alliance. Ni ardhi yenye historia ya Waanglikana, na Dayosisi ya Central Tanganyika imekuwapo tangu mwaka 1927. Ukitoka hapo kuna Buigiri, Mvumi, Kongwa na Mpwapwa, vituo ambako misheni ya Church Missionary Society (CMS) ilijenga makanisa, shule na zahanati.

Tena historia ya gari la mnyama katika njia ya kutoka pwani hadi Mpwapwa ni ya kweli, haihitaji kutungwa. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa na uzoefu wa magari ya maksai kusini mwa Afrika, alitoka Saadani na ng'ombe wachache mpaka Mpwapwa kupima kama njia inapitika. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Alitaka ujira na posho, na njiani angeweza kutua mzigo na kutoroka. Gari moja la maksai lingechukua mizigo ya wapagazi wengi. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa CMS akasimamia kazi ya kufyeka barabara ya takriban kilomita 370 kutoka Saadani hadi Mpwapwa, naye Price na wenzake wakaondoka pwani na magari yao. Mbung'o hawakujali hesabu. Ng'ombe walikufa, magari yakakwama, na wamisionari wakarudi kwa wapagazi waliokuwa wakitaka kuwaepuka. Reli ya Kati ilipopita Dodoma na kufika Tabora mwaka 1912, mjadala wa magari ya ng'ombe kwa safari ndefu ulikuwa umefungwa.

Mnyama aliyebaki na kazi ni punda. Farasi tuwasahau: ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi, huwaua kwa wingi, wakati punda huupata bila madhara makubwa. Punda huvumilia kiu na hula mabua ambayo ng'ombe wa maziwa angeyakataa. Tela lenyewe si ghali kama gari lolote jingine, kwa kuwa fundi wa kuchomelea anaweza kuliunda kwa ekseli na matairi ya gari chakavu. Mwenye punda wawili anaajiriwa na kiangazi. Visima vikikauka, maji yanakuwa bidhaa. Mavuno yakiisha, magunia yanatafuta usafiri. Mvua zikinyesha kazi hupungua, lakini majani yanakuwa ya bure. Hicho ndicho kinachoiweka biashara hii hai: siku isiyo na kipato haina gharama kubwa.

Kilichoitikisa kilitoka Uchina. Ngozi ya punda huchemshwa kupata ejiao, gundi inayotumika katika dawa za asili za huko, na machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna mfugaji anayeweza kuzalisha kwa kasi ya kisu. Kenya, iliyokuwa na machinjio ya namna hiyo, ilihesabu punda takriban milioni 1.8 mwaka 2009 na milioni 1.2 hivi mwaka 2019. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi hizo. Kwa mwenye mkokoteni uamuzi huo una uzito kuliko kampeni yoyote ya utalii, maana unahusu bei ya mtaji wake.

Sasa nauli ya mtalii. Nauvoo, mji wa Illinois, Marekani, ulioanzishwa mwaka 1839 na Wamormoni, wafuasi wa Joseph Smith, huwazungusha wageni kwa magari ya farasi bila kuwatoza chochote. Kanisa lao ndilo linalogharamia na wengi wa wahudumu ni wamisionari wa kujitolea. Lancaster, Pennsylvania, kwenye jamii ya Waamish, kampuni binafsi huuza tiketi, lakini zina mamilioni ya watu wa miji mikubwa ya jirani wa kuwauzia.

Dodoma haina soko la Lancaster. Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, inaleta watumishi na wafanyabiashara wanaoharakia vikao. Mradi wa tiketi ungekufa ndani ya msimu mmoja. Njia ya Nauvoo inawezekana zaidi, kwa sababu Kanisa la Anglikana lina ardhi, lina chuo na lina makundi ya wageni wake lenyewe wanaokuja kwenye makongamano na kuwekwa wakfu kwa maaskofu. Ningeanzia Mpwapwa badala ya Kikuyu: ndiko barabara ya Mackay ilikoishia, magari hayaligombanii eneo lote, na kuna wataalamu wa mifugo tangu enzi za Wajerumani. Mwenye punda angekodishwa kwa siku za matukio tu, kwa malipo yasiyopungua ya siku nzuri ya maji, huku Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ikitumika kuhusu uzito, vidonda na mapumziko. Siku nyingine zote angeendelea na madumu yake.