Iga Barrière: Sauti ikikwaruza kwenye kompyuta ya Linux, usifute faili kwanza

Iga Barrière, katika eneo la Djugu, kwenye barabara ya taifa namba 27 kaskazini mwa Bunia, habari nyingi za jamaa hupita kwa sauti: ujumbe wa WhatsApp wa ndugu aliyekimbia vita, ao maneno ya mzee yaliyorekodiwa kabla hajafariki. Wenye kompyuta huzihifadhi humo ili simu isijae.

Lakini siku ingine sauti inatoka imepasuka, inakwaruza ao inakatika. Mwenye faili anasema imekufa, anaifuta. Hapo ndipo kosa, kwani faili inaweza kuwa nzima na ugonjwa uko kwenye kompyuta.

Namna ya kujua ni rahisi: rudisha faili ileile kwenye simu, uisikilize. Ikisikika vizuri, faili haina shida. Ikikwaruza na kwenye simu, pengine kopi haikufika yote. Linganisha ukubwa wake na wa ile ya kwanza, kisha kopi upya. Kama hata ya kwanza inakwaruza, iliharibika wakati wa kurekodi.

Ikiwa kosa ni la kompyuta, anza na kiasi cha sauti. Linux inaweza kuruhusu kupita asilimia 100, na programu ya VLC vilevile. Ukipita hapo, sehemu zenye nguvu zinakatwa na sauti inapasuka. Shusha zote mbili. Kisha sikiliza kwa vifaa vya masikioni: sauti ikiwa safi, spika ndizo zimechoka.

Ikiwa sauti inakatika-katika, funga programu zingine, zaidi sana kwenye mashini ya zamani. Isipopona, anzisha upya huduma inayoongoza sauti. Ubuntu inatumia PipeWire tangu toleo 22.10 la mwaka 2022. Fungua terminali, andika:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwenye mashini za zamani zenye PulseAudio, andika:

pulseaudio -k

Inazimika, kisha kwa kawaida inajiwasha yenyewe. Amri hizi haziombi intaneti wala neno la siri, na hazigusi faili zako.

Yote yakishindikana, peleka kompyuta kwa fundi, lakini acha kopi ya kwanza kwenye simu. Kompyuta inaweza kutengenezwa hata kesho. Sauti ya marehemu haiwezi kurekodiwa tena.